Uji wa mtoto: kwa nini wa Dakar una sukari na wa Zurich hauna?

Kuna swali ambalo wasomaji wa ukurasa huu huniuliza kwa namna tofauti tofauti, na leo nalijibu kwa urefu. Mtoto anakaribia miezi sita, ataanza kula. Kuna shangazi yuko Uingereza au Uswisi, anakuja likizo mwezi ujao. Je, aombwe abebe paketi za uji wa mtoto kutoka huko, au wazazi wanunue hapa hapa dukani, maana jina la kampuni ni lile lile? Mama mkwe anasema ni kitu kimoja, ni kujaza begi bure. Jirani anasema cha huko ndicho chenyewe.

Nilitamani sana mama mkwe awe sahihi. Tumechoka na ile tabia ya kuona kila kilichotoka Ulaya ni bora kuliko cha kwetu. Lakini kwa uji wa watoto wa viwandani, ushahidi uliopo unamuunga mkono jirani, na sababu yake inamkasirisha mzazi yeyote atakayeijua.

Jina moja, sukari tofauti

Aprili 2024, shirika la Uswisi liitwalo Public Eye, likishirikiana na IBFAN, mtandao wa kimataifa unaotetea unyonyeshaji, lilitoa ripoti kuhusu vyakula vya watoto vya kampuni ya Nestlé. Walikusanya bidhaa kutoka masoko ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakasoma lebo zake na nyingine wakazipeleka maabara nchini Ubelgiji. Katika bidhaa 115 walizochunguza, 108 zilikuwa zimeongezwa sukari. Kwa uji wa Cerelac ambao kiasi chake kilijulikana, wastani ulikuwa karibu gramu 4 kwa kila mlo. Ufilipino walikuta gramu 7.3, katika uji unaouzwa kwa ajili ya watoto wa miezi sita.

Gramu 4 ni kijiko cha chai kilichosawazishwa. Gramu 7.3 ni karibu vijiko viwili, kwenye bakuli la mtu ambaye hajaota meno.

Mfano uliosemwa sana ni wa uji wenye ladha ya biskuti, wa miezi sita na kuendelea. Senegal na Afrika Kusini ulikutwa na gramu 6 za sukari ya kuongezwa kwa mlo mmoja. Bidhaa hiyo hiyo ikiuzwa Uswisi, yaliko makao makuu ya kampuni, haina sukari ya kuongezwa hata chembe. Kwa maneno mengine, kiwanda kinajua kutengeneza uji huo bila sukari na mashine za kufanya hivyo zipo. Watoto wa Uswisi wanaula na hawalalamiki.

Novemba 2025 Public Eye walirudi na ripoti nyingine, safari hii ya Afrika peke yake. Walikusanya karibu bidhaa 100 za Cerelac kutoka nchi 20. Kiasi kikubwa kuliko vyote, gramu 7.5 kwa mlo, waliripoti kukikuta kwenye bidhaa ya Kenya. Kampuni ilizipinga hesabu hizo na kuziita za kupotosha.

Tuwe waadilifu. Mwaka 2024 Nestlé ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi na viwango vya kimataifa, kwamba mchanganyiko hutofautiana kulingana na kanuni na upatikanaji wa malighafi, na kwamba kwa miaka kumi imepunguza sukari ya kuongezwa kwa asilimia 11 duniani kote. Baadaye mwaka huo huo ilitangaza nchini India aina za Cerelac zisizo na sukari iliyosafishwa, ikisema mpango huo ulianza kabla ya ripoti kutoka. Na jambo moja muhimu ambalo kwenye makundi ya WhatsApp lilipotea kabisa: sukari iliyozua kelele ilikuwa kwenye uji wa miezi sita na kuendelea na kwenye baadhi ya maziwa ya watoto wa kuanzia mwaka mmoja. Haikuwa kwenye maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Kama daktari ameagiza mtoto wako wa miezi miwili apewe maziwa ya kopo, usiyamwage kwa sababu ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi.

Sheria haikuvunjwa, na hapo ndipo penye tatizo

Kampuni inaposema haijavunja sheria, kwa sehemu kubwa inasema kweli. Viwango vya chakula vinavyofuatwa katika biashara ya kimataifa hupangwa na chombo kiitwacho Codex Alimentarius, kilichoanzishwa mwaka 1963 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, FAO na WHO. Kiwango chake kuhusu nafaka za watoto kinaruhusu sukari kuongezwa hadi kiasi fulani. Nchi nyingi zinazoendelea hukichukua kiwango hicho na kukifanya chao.

Lakini WHO hao hao, wanapozungumza kama madaktari, wanasema kitu kingine. Ofisi yao ya Ulaya ilishatoa mwongozo kwamba vyakula vya viwandani vya watoto chini ya miaka mitatu visiongezwe sukari. Mwongozo wao wa dunia nzima wa mwaka 2023, unaohusu watoto wa miezi 6 hadi 23, unasema vyakula vyenye sukari nyingi, chumvi nyingi na mafuta mabaya visitumike, na vinywaji vya sukari visitumike.

Basi mtoto analindwa na nini? Si na ushauri wa WHO, kwa sababu huo ni ushauri tu. Analindwa na kelele za wazazi wa nchi yake, nguvu ya mkaguzi wake, na jinsi kampuni inavyoogopa kupoteza soko. Mzazi wa Zurich ana vyote vitatu. Utandawazi umefikisha paketi ile ile hadi kwenye duka la mtaani kwetu, pamoja na tangazo na bei inayofuata dola. Ulinzi haukupakiwa kwenye kontena.

Kwani sukari kidogo ina shida gani? Wengi tumekulia uji wa sukari na tupo. Wataalamu wa lishe hujibu hivi: mtoto huzaliwa tayari anapenda utamu, hahitaji kufundishwa. Anachohitaji kufundishwa ni ladha ya mchicha, ya dagaa, ya maharage. Miezi ile ya kwanza ya kula ndiyo shule yake ya ladha. Akizoeshwa kwamba chakula ni kitu kitamu, atakikataa kile kisicho kitamu, nawe utaanza kumfukuza sebule nzima na kijiko. Juu ya hapo kuna meno kuoza na uzito kupita kiasi baadaye. Tanzania bado tuna watoto waliodumaa, asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano kwa utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022, na papo hapo mijini kisukari na shinikizo la damu vinapanda. Nyumba moja inaweza kuwa na mjukuu aliyedumaa na bibi mwenye kisukari, wakila kwenye sufuria moja.

Kesi hii ni ya zamani kuliko bibi zetu

Nikisoma kuhusu jambo hili kilichonishangaza ni umri wake. Kampuni hiyo yenyewe ilianza na uji wa mtoto. Mwaka 1867 huko Vevey, Uswisi, mfamasia Henri Nestlé alitengeneza unga wa maziwa ya ng'ombe, ngano na sukari kwa ajili ya watoto ambao mama zao hawakuweza kuwanyonyesha. Wakati ule watoto wa Ulaya walikuwa wanakufa kwa wingi, na unga ule ulionekana msaada mkubwa.

Mwaka 1939 daktari mzaliwa wa Jamaika, Cicely Williams, alisimama mbele ya klabu ya Rotary ya Singapore akatoa hotuba aliyoipa jina lenye maana ya “Maziwa na Mauaji”. Huyu ndiye aliyeuletea ulimwengu wa kitabibu neno kwashiorkor, alilolichukua kwa Waga wa Ghana alipofanya kazi huko, nasi tukaligeuza kuwa kwashiakoo. Alichokiona Singapore ni wauzaji wa maziwa ya kopo yenye sukari waliovaa kama wauguzi, wakiwashawishi akina mama waliokuwa na maziwa yao wenyewe kifuani waache kunyonyesha.

Miaka 35 baadaye, mwaka 1974, shirika la Uingereza War on Want lilichapisha kijitabu kilichoziita kampuni za maziwa wauaji wa watoto. Kundi la wanaharakati wa Uswisi likakitafsiri kwa Kijerumani na kuitaja Nestlé kwa jina, kampuni ikawashitaki. Mwaka 1976 jaji huko Bern aliwatoza faini ndogo ya faranga 300 kila mmoja kwa sababu ya kichwa cha habari, lakini akaiambia kampuni ibadili namna yake ya kutangaza biashara. Mwaka 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa zake.

Kijitabu kile kilieleza jambo ambalo mama yeyote wa kipato cha chini analijua bila kusoma. Kopo ni ghali. Kopo la gramu 400 kwa mtoto wa miezi miwili asiyenyonya kabisa halifiki wiki. Fedha ikipungua, mama anapunguza kijiko na kuongeza maji. Mtoto anashiba maji meupe. Na maji yenyewe ni ya kisima au ya ndoo, kuni zimekwisha, chupa imeoshwa haraka.

Mei 1981 mkutano mkuu wa afya duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Mbadala wa Maziwa ya Mama. Nchi 118 zilikubali, tatu hazikupiga upande wowote, na moja ilikataa: Marekani. Kanuni hiyo inakataza kutangaza bidhaa hizo kwa umma, kuwapa akina mama sampuli za bure, kuwapa wahudumu wa afya zawadi, na kuweka picha za watoto wachanga wanaotabasamu kwenye makopo ya maziwa yao. Lakini si sheria mpaka kila nchi iifanye sheria. Kenya walitunga yao mwaka 2012. Sisi tuna kanuni za mwaka 2013, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilipotoka TFDA iko chini ya TBS.

Kopo ni lile lile, maji siyo

Kuna watakaosema hayo ni ya zamani, siku hizi watu wameelimika na makopo yana maelekezo. Nawapeleka Botswana.

Botswana ni nchi yenye uwezo kuliko nyingi Afrika, na ilikuwa ya mfano katika kupambana na UKIMWI. Ili kuzuia mama mwenye virusi asimwambukize mtoto kwa kunyonyesha, serikali iligawa maziwa ya kopo bure. Nia ilikuwa njema, na ndiyo iliyokuwa ikifanyika kwenye nchi tajiri. Mwishoni mwa 2005 mvua kubwa zikanyesha. Mwanzoni mwa 2006 watoto wakaanza kujaa hospitalini wakiharisha. Mamia walifariki. Wachunguzi wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walipokwenda Francistown kutafuta chanzo, walikuta maji ya bomba yamechafuka, na karibu watoto wote waliolazwa hawakuwa wakinyonya. Mtoto asiyenyonya alikuwa na hatari ya kulazwa mara 50 ya mwenzake anayenyonya.

Maziwa yale hayakuwa mabovu. Yangepewa mtoto wa London angenenepa. Utaratibu uliobuniwa kwa jiko lenye maji salama na umeme usiokatika ulihamishwa kama ulivyo hadi mahali ambapo mvua moja inabadilisha maji ya bomba. Mwaka 2010 WHO ilibadili ushauri wake, na leo mama mwenye VVU anayetumia dawa vizuri anashauriwa kunyonyesha. Kliniki zetu zinafuata hivyo. Nalitaja kwa sababu bado kuna shangazi na majirani wanaowatisha akina mama hawa kwa ushauri wa miaka ya nyuma.

Muuzaji sasa yumo mfukoni

Wauzaji waliovaa kama manesi hawahitajiki tena. Aprili 2022 WHO ilitoa ripoti kuhusu matangazo ya mtandaoni ya maziwa ya watoto. Akaunti za kampuni zilizofuatiliwa zilikuwa zikichapisha mara 90 hivi kwa siku na kuwafikia watumiaji milioni 229. Njia zenyewe unazijua hata kama hukujua kwamba ni matangazo: programu ya kuhesabu wiki za ujauzito, klabu ya akina mama inayokukaribisha kwa jina, dada maarufu Instagram anayesimulia jinsi mwanawe alivyoanza kulala usiku kucha. Ripoti nyingine ya mwaka huo huo, ya WHO na UNICEF, iliyohusisha wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi nane, Nigeria na Afrika Kusini zikiwemo, ilikuta zaidi ya nusu wamefikiwa na matangazo ya maziwa haya.

Matangazo hayo yanajua kuchagua saa. Saa tisa usiku, mtoto analia, mama hajalala siku ya tatu, anaandika kwenye simu “mtoto hashibi”. Kulia usiku ni jambo la kawaida kwa mtoto mchanga, na mara nyingi halina uhusiano na maziwa kutotosha. Ila tangazo linalokuja halimwambii hivyo. Mkaguzi wa Dar es Salaam anaweza kuondoa bango barabarani. Video iliyowekwa nchi nyingine, ikaonekana Mbagala, ataiondoaje? Hilo ni pengo ambalo kanuni za 2013 hazikuandikwa zikiliona.

Siku 84

Ningekuwa nimefanya kazi nusu kama ningemwachia mama mzigo wote kwa kumwambia “nyonyesha, soma lebo”. Akina mama wa Tanzania wananyonyesha sana. Utafiti ule wa 2022 ulionesha asilimia 64 ya watoto chini ya miezi sita wananyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Wanaoacha mapema wengi wao hawakudanganywa na tangazo. Walirudi kazini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Ushauri wa kunyonyesha bila kumpa kitu kingine ni miezi sita, yaani wiki 26. Wiki 14 katikati hazina mwenyewe. Sweden wazazi wawili hugawana siku 480. (Marekani, iliyosema hapana peke yake mwaka 1981, hadi leo haina likizo ya uzazi yenye malipo kwa sheria ya taifa zima, kwa hiyo si kila nchi tajiri ni mfano.) Na hapo nazungumzia aliyeajiriwa kwa mkataba. Mama lishe, muuza mbogamboga na dada wa kazi hawana hata hizo 84. Kuna dada wanaolea watoto wetu wakati wa kwao wa miezi minne yuko kijijini kwa bibi, anakunywa uji mwepesi.

Kuna haki moja ambayo naona wengi hawaijui. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Saa mbili si fadhila ya bosi. Anayekaa mbali na kazini anaweza kuomba kuzitumia kwa kuingia saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema, au kuzitumia kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwenye jokofu hadi siku nne, na mtoto hunyweshwa kwa kikombe kidogo kisafi, chupa si lazima. Baba, hapa na wewe una kazi: kikombe hakioshwi na mama peke yake.

Sasa, shangazi abebe au asibebe?

Kama begi lina nafasi na mnataka uji wa haraka kwa siku za safari, abebe, lakini naye asome lebo, maana hata Ulaya vitamu vipo. Ila siipendi hali ambapo mtoto mwenye shangazi Uswisi anakula uji usio na sukari na wa jirani yake, ambaye shangazi yake yuko Singida, anakula wenye sukari. Dawa ya hilo haiji kwa begi. India ilionesha kwamba kelele za ndani zinasikika: wazazi na vyombo vya habari walihoji, mamlaka ya chakula ikaingilia, na aina zisizo na sukari zikatangazwa. Hapa kwetu mzazi akiona sampuli za bure zinagawiwa kliniki, au duka la dawa lina bango la maziwa ya watoto wachanga, TBS ndio wa kuambiwa, na picha iliyopigwa kwa simu ni ushahidi mzuri.

Dukani, geuza paketi. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, kwa hiyo sukari ikiwa ya pili au ya tatu, umeshajua. Haiandikwi “sugar” kila mara. Tafuta pia “sucrose”, “glucose syrup”, “fructose” na “honey”. Jedwali la nyuma mara nyingi hutoa jumla ya sukari bila kutenganisha ile ya asili ya maziwa na iliyoongezwa, ndiyo maana orodha ya viungo ni ya kuaminika zaidi kuliko namba. Picha ya matunda mbele ya paketi si kiungo.

Tusiutupe uji wa kiwandani wote. Mwingi umeongezwa madini ya chuma, na mtoto wa miezi sita anayahitaji kwa sababu akiba aliyozaliwa nayo inaisha. Ukiamua kupika mwenyewe, chuma hicho kitoke mahali: maini, nyama iliyosagwa, dagaa waliosagwa, maharage. Uji wa ulezi au mahindi uwe mzito, usiomwagika ukiinamisha kijiko, maana tumbo la mtoto ni dogo na uji mwepesi unalijaza maji. Yai, parachichi, boga, papai na embe vinaongeza ladha bila kijiko cha sukari. Usichanganye nafaka kumi eti ndiyo lishe. Nafaka moja au mbili zinatosha, fedha iliyobaki inunue yai.

Na usiamini kwamba cha nyumbani ni salama kwa kuwa ni cha nyumbani. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, wengi wakiwa wamekula mahindi ya shambani kwao. Mahindi na karanga ndizo malighafi kuu za unga wa lishe tunaowasagia watoto. Chagua punje kabla ya kusaga, tupa zilizooza, zilizobadilika rangi au kusinyaa, na saga kidogo kidogo badala ya debe zima. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Namna ya kukausha na kuhifadhi ina mambo mengi, nitaieleza wiki ijayo.

La mwisho ni asali, kwa sababu wengi wakiacha sukari huikimbilia. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, iwe ya Tabora au ya kopo la nje. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu lakini la mtoto mchanga haliwezi, vikamlegeza misuli hadi ya kupumua. Sharubati za matunda nazo zisubiri. Mpe tunda lenyewe limepondwa.